Mikono ya Telésforo Manzueta, Aliyefundisha kwa Reki

Ndugu waombolezaji, Padri, majirani wa batei yetu ya Los Jobos, kijiji hiki cha wakata miwa, na nyinyi mliotoka mjini na viatu vinavyong'aa, mimi ni Wenceslao Severino, ndugu mdogo wa mjane, na yote nitakayowasomea niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, la kwanza hadi la mwisho, na kama yupo atakayenong'ona kwamba marehemu alinitangulia kuzaliwa kwa miaka ishirini na moja, amnong'oneze jirani yake taratibu, kwa sababu mambo ya batei hii hata aliyekuwa hajatungwa mimba aliyaona. Dada yangu ameniomba nisome kwa upole. Nitajaribu, siahidi, maana Jumapili ijayo unafunguliwa uwanja mpya wa besiboli pale nyuma ya mizani ya miwa, uwanja uliojengwa na Osiris Balbuena, mtoto wetu anayepiga mpira katika ligi kubwa za Kaskazini, aliyetaka uwanja huo ubebe jina la mwalimu aliyemfundisha mikono, na ubao umeshapakwa rangi, na jina lililoandikwa pale ni la Profesa Almonte, wala si la mtu huyu aliyelala mbele yenu. Osiris mwenyewe ninamwona safu ya pili, mwenye miwani nyeusi. Karibu, mwanangu, umekuja, na kuja nako ni jambo.

Marehemu Telésforo Manzueta alizaliwa tarehe 5 Januari 1951, mkesha wa sikukuu ya Wafalme, katika kibanda namba kumi na nne cha batei hii hii, akiwa mtoto wa sita kati ya tisa wa mzee Cirilo Manzueta, mkata miwa, na mama Ludovina, mfua nguo za wakubwa wa kiwanda, na mkunga aliyempokea alisema mbele yetu sote kwamba watoto wengine huja duniani wamekunja ngumi kama wanaodai kitu, huyu alikuja vidole vimelegea, akashika kidole gumba cha mkunga kwa ncha za vidole tu, kama mtu anayeshika kifaranga asitake kukiumiza. Shule aliianza mwaka 1958 na kuimaliza mwaka 1962 katika darasa la nne, si kwa kushindwa, bali kwa sababu dawati lilikuwa moja na Manzueta walikuwa tisa, na mimi nilifika darasa la sita, ndiyo maana karatasi hii ninayo mimi.

Mwaka 1964, akiwa na miaka kumi na mitatu, aliingia kwenye miwa pamoja na baba yake, na hapo ndipo elimu yake ya kweli ilipoanza, kwa sababu siku ya kwanza alikata kama wanavyokata wageni wote, alilisukuma panga kwa nguvu za bega, akachoka kabla ya saa nne asubuhi, na mzee Cirilo akamsimamisha mbele ya safu nzima akamwambia, "Wee, unapigana na nani? Panga halisukumwi! Vuta mpini kwanza, bapa litakuja lenyewe nyuma, limekasirika." Watu wakacheka, yeye hakucheka, alilala nayo na kuamka nayo. Mpini kwanza, bapa baadaye. Kila alichokuja kumfundisha mtu yeyote, miaka hamsini na zaidi, kilitoka katika maneno hayo ya baba yake, wala hakikutoka katika cheti chenye fremu, na ninayemsema anajijua.

Jumapili tulicheza vizibo vya chupa kwenye uchochoro, gongo ni mti wa ufagio, na asiyewahi kurushiwa kizibo hajui dhiki, kwa sababu mpira hukuonea huruma, ni mnene, unakuja ulipokusudia kuja, lakini kizibo hupinda, hupanda, hurudi kama kimesahau kitu, na ukikirushia mikono mapema kinakucheka. Telésforo alikuwa akikingoja. Alisubiri mpaka watu wanadhani amelala, kisha mkono wa chini unavuta, kiwiko cha nyuma kinagusa mbavu, ufagio unapita kwa mvumo mmoja, na kizibo kinaenda kukaa juu ya bati la kanisa, na mimi binafsi nilihesabu vizibo arobaini na vitatu juu ya bati lile siku moja, Padri yupo, apande akahesabu kutu zake.

Aliichezea timu ya kiwanda cha sukari kuanzia 1969 hadi 1974, na Machi 1970 alikuja msaka vipaji kutoka Kaskazini, mtu mwenye kofia ya majani, akamwangalia akipiga mipira kumi, tisa ikavuka ukuta, kisha akampima urefu kwa mkono wake hewani, akasema, "Mfupi," akaingia garini. Neno moja. Marehemu akaweka gongo chini, kesho yake alfajiri alikuwa kwenye miwa. Hakuwahi kulalamika juu ya jambo hilo, nalalamika mimi kwa niaba yake, na sitaacha.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na dada yangu Eduvigis, nami nilibeba pete nikiwa na miaka minne na sikuimeza, ingawa watu wa upande wa bwana harusi wanapenda kusema niliimeza. Walijaliwa watoto watatu, Noris aliyezaliwa 1977, Radhamés aliyezaliwa 1980, na Ludovina mdogo aliyezaliwa na kufariki mwaka 1984, akiwa na miezi miwili, ambaye baba yake anakwenda leo kulala karibu naye. Alikuwa mume mtulivu, mpishi mbaya, mchezaji dhumna mwenye wizi wa wazi, na alipokuwa akikuna kichwa alikuna kwa ncha za vidole, kwa sababu alisema kiganja ni cha kuombea, kazi zote nyingine ni za vidole.

Sasa nafika mahali ambapo dada yangu aliniambia, "Wences, hapo upite haraka," na mimi hapo ndipo nitakapokaa.

Kiwanda kilipopunguza watu, tarehe 3 Februari 1992 marehemu aliajiriwa katika Akademia ya La Ceiba, kule vijana wanakolishwa, wanakofunzwa na kuuzwa Kaskazini kama wachezaji, na kazi yake ilikuwa kukata nyasi, kumwagia maji udongo na kuupiga reki usawazike. Walimu wa kupiga walikuja na kuondoka, yeye akabaki na reki yake, na mwaka 2008 akaja Profesa Almonte, mwenye filimbi shingoni, cheti ukutani, na kelele, alisimama nyuma ya banda la nyavu akipiga ukelele, "Kazeni mikono! Viringisheni vifundo vya mikono! Nguvu, nguvu!" Na vijana wakakaza, wakakaba gongo katika viganja hadi mishipa inasimama, wakaviringisha vifundo kabla mpira haujafika, na mipira yote ikabingirika chini kama malimau yaliyoanguka sokoni.

Telésforo hakuruhusiwa kusema neno, mtu wa nyasi ni mtu wa nyasi. Basi akafundisha bila neno. Alikuwa akipiga reki amelipa banda mgongo, kwa sababu hakuhitaji kuona, alikuwa akisikiliza, na hili ndilo ambalo Profesa na cheti chake hakulijua hadi leo, kwamba gongo likizungushwa hutoa mvumo, na mahali unapotoka mvumo ndipo ilipo kasi, ukiusikia nyuma ya sikio la mpigaji basi kasi imekwisha kabla ya kazi, ukiusikia mbele ya goti la mbele, pale mpira ulipo, basi mikono imefanya sawa. Aligonga mpini wa reki kwenye ndoo, mara moja, maana yake vizuri, mara mbili, umechelewa, mara tatu, mikono yako inazunguka nje kama mlango wa zizi, irudishe karibu na mwili. Vijana wote walijua. Profesa alidhani mzee anakung'uta matope.

Mwaka 2012 akaletwa Osiris Balbuena kutoka batei ya jirani, miaka kumi na mitano, mabega ya ng'ombe wa mkokoteni, na huo ndio mwaka walipoleta kile kidude kinachofungwa kwenye kitako cha gongo ili kisome kasi, wakamfunga Osiris, kikasoma maili sitini na mbili kwa saa, kasi ya mtu anayepepea uji. Profesa akasema mbele yake, "Mwisho wa mwezi huyu arudi kwao." Reki iligonga mara mbili, kisha mara tatu, kisha marehemu akaacha kugonga, na nilimwona mimi, nilikuwa nimepeleka chakula chake cha mchana, akitikisa kichwa kama mtu anayeona nyumba nzuri imejengwa juu ya mtaro.

Mchana Profesa alipolala baada ya kula, Telésforo alimchukua kijana nyuma ya banda la mashine ya nyasi, paliponing'inizwa tairi kuukuu, akampa gongo, akamwambia, "Lishike."

Osiris akalishika kwa kiganja, ngumi imejaa.

"Umelishika kama unayekaba mwizi. Limekuibia nini?"

"Profesa amesema nikaze, mzee."

"Mkono uliokakamaa hauna mwendo. Lete hapa vidoleni. Vifundo hivi vya kubishia hodi vipange mstari mmoja, vya juu na vya chini, haya. Sasa shika kama umeshika kifaranga. Kikilia, umezidisha."

"Na nguvu nitatoa wapi?"

"Ardhini, mpumbavu wangu mzuri, ardhini! Mguu unakipa kiuno, kiuno kinaupa mkono, mkono wa chini unavuta kitako cha gongo kwenda kwenye mpira kama unayemchoma mtu kwa kiwiko kwenye foleni, mkono wa juu unafuata kiganja kimeangalia mbingu, unakaza vidole pale pale gongo linapokutana na mpira, si kabla, na vifundo vya mikono uviache visiviringike mpaka mpira umeshaondoka. Haya, piga tairi."

Kijana akapiga. Tairi likalia kama mtu aliyekanyagwa.

"Mlango wa zizi," akasema marehemu. "Tena."

Siku kumi na tisa. Nilizihesabu, kwa sababu siku kumi na tisa mfululizo Osiris alikula nyumbani kwa dada yangu, ndizi mbichi za kupondwa, yai, na samaki mkavu wa heringi, na alikula kama anayelipiza kisasi. Siku ya ishirini wakamfunga kidude tena, kikasoma sabini na moja, Profesa akakitikisa akidhani kimeharibika, wakamfunga tena, sabini na mbili, na hapo akageukia wakubwa, akafungua mikono, akasema, "Mmeona kazi yangu?" Reki ikagonga mara moja. Ndilo shangilio pekee alilojipa.

Tarehe 2 Julai 2013 Osiris akatia sahihi na watu wa Kaskazini, na jioni yake alikuja kwenye meza ya dada yangu, nilikuwa nimekaa kulia kwake, mfupa wa kuku mkononi, akamshika marehemu mikono yote miwili, akasema, "Mzee, siku nikiulizwa nani alinifundisha, jina la kwanza litakalotoka mdomoni mwangu ni lako." Marehemu akamwambia, "Kula kwanza." Maneno hayo hukuambiwa uyaseme, Osiris. Uliyatoa mwenyewe, na mdomo umejaa wali.

Mwaka uliofuata marehemu akapatwa na homa ya siku mbili, hakwenda kazini, na huko akademia vijana kumi na wanne wakapiga mpira kila mmoja akisimama baada ya pigo na kugeuza sikio upande wa ndoo isiyokuwa na mtu, hadi Profesa akauliza, "Mnamsikiliza nani nyinyi?" na mdogo kuliko wote akajibu kwa ukweli wa kitoto. Barua ilitoka tarehe 9 Juni 2014, ikisema kwamba mfanyakazi wa nyasi ameingilia kazi ya ualimu, na miaka ishirini na miwili ikafungwa kwa muhuri mmoja. Kumbukeni hilo. Alifukuzwa kwa kosa la kufundisha, na leo wameleta shada lenye utepe unaosema walimpoteza mtunza uwanja mpendwa. Kumbe kufundisha alifundisha mlipotaka kumfukuza, na hakufundisha mlipotakiwa kumshukuru!

Tarehe 16 Mei 2019 batei nzima ilikaa mbele ya televisheni ya Noris, Osiris amepiga mpira ukavuka ukuta mara mbili katika mchezo mmoja, mtangazaji akamwuliza mikono hii ya haraka ameifunza nani, na dada yangu akaacha kupepeta mchele. Akasema, "Profesa Almonte, wa Akademia ya La Ceiba." Mchele ulimwagika. Marehemu akanyoosha mkono akapunguza sauti kidogo tu, akasema, "Bega la mbele liko vizuri." Wiki ile Osiris alimpigia dada yangu simu akilia, akasema, "Mama, wakala wangu aliniandikia jina la kusema, akademia ndiyo iliyoniuza, ningefanyaje?" Sawa. Ulikuwa kijana, wakala alikushika ulimi, tukameza. Lakini Septemba iliyopita watu wa manispaa walipokuuliza uwanja upewe jina la nani, wakala hakuwapo, kamera hazikuwapo, ulikuwa umekaa kwenye kiti chako mwenyewe, mtu wa miaka ishirini na saba, na ukasema tena Almonte. Hapo nani alikushika ulimi?

Na wewe Telésforo, nakukasirikia vilevile, hata ukiwa hapo ulipo. Nilikuja na pikipiki ya kukodi, nikakuambia, "Shemeji, panda, twende redioni ukaseme ukweli wako," ukanijibu, "Nikaseme nini, Wences, kwamba niligonga ndoo?" Ndiyo! Hicho hicho! Ungesema uligonga ndoo, na nchi nzima ingenyamaza isikilize. Upole wako uliwafaa watu wote isipokuwa mke wako, aliyefua suruali za udongo kwa miaka ishirini na miwili, na sasa atakuwa anapita kila siku mbele ya ubao wenye jina la mtu mwingine akienda kununua mkate.

Kisukari marehemu alikuwa nacho tangu 2003, na alikitibu kwa ukaidi. Tarehe 20 Februari mwaka huu miguu ilivimba, tukampeleka hospitali ya mjini, figo zikawa zimechoka, na alipata matibabu kwa siku kumi na tisa, akiwa na redio ndogo sikioni akisikiliza michezo ya matayarisho ya msimu, hadi Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tisa na dakika kumi alasiri, alipoaga dunia, mimi nikiwa nimeshika mkono wake wa kulia na dada yangu wa kushoto, na maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Mwambieni Osiris sina kinyongo naye." Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, na idadi ya wapigaji ambayo hakuna aliyeihesabu.

Hapa kwenye karatasi nimeacha mistari mitatu mitupu, nami nitanyamaza kwa muda wa kuisoma, ili kama yupo mwenye la kusema kuhusu nani alimfundisha nini, asimame aseme, ni sentensi moja, haihitaji kipaza sauti, na fundi wa rangi aliyeupaka ule ubao yuko pale karibu na mlango, amekuja na kopo lake kwa sababu nilimwambia aje nalo.

.

.

.

Kama mistari hiyo imepita kwa kelele, Mungu ni mkubwa. Kama imepita kimya, naendelea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hasa yule mnene wa zamu ya asubuhi aliyekubali redio, majirani waliochemsha kahawa na tangawizi tangu jana na kuleta viti bila kuvihesabu, Padri, kwaya, na wafanyakazi wenzake wa kweli, wale wakata nyasi wanne waliokuja leo na reki zao begani bila kuambiwa na mtu, nyinyi ndio mtakaobeba jeneza. Akademia tunaishukuru kwa maua, tumeyaweka nje kwenye kivuli, upande wa kuku. Sala za siku tisa zitakuwa nyumbani, kahawa ipo, atakayekuja na chupa aiache chini ya kiti.

Pumzika sasa, Telésforo, legeza vidole vyote kumi, sisi huku hatupumziki mpaka Jumapili.

Nimebakiwa na jambo moja, na ninalisoma kwa sababu niliapa mwanzo kwamba niliyaona yote, na kweli niliyaona, lakini moja nililitunga. Yale maneno ya kinyongo marehemu hakuyasema. Dada yangu aliniomba niyaandike ili Osiris aondoke hapa mwepesi, nami nikayaandika, na nimeyasoma, na siwezi kuyaacha yasimame. Dada, nisamehe. Msamaha hakutaja, wala lawama hakutaja. Alikuwa na redio sikioni, Osiris yuko uwanjani, gongo likapita hewani mara tatu, mzee akafumbua macho, akaniambia mimi, "Mwambieni anakaza vidole kabla ya wakati, nausikia mvumo mpaka huku." Hayo ndiyo ya mwisho. Basi, Osiris, nimekufikishia.